Jinsi ya Kutazama Filamu za Dairekta Mmoja Ukiwa Kati ya Rusumo na Nyakanazi

Vifaa ni vichache: televisheni moja, spika isiyokoroma, flashi, mabenchi ya kuazima, na watu wanane au kumi wanaoamini kwamba filamu ina mtu aliyeiongoza. Vifaa utavipata Biharamulo mjini kabla ya saa sita mchana. Watu ndio kazi.

Maana huku kwetu Ngara na Biharamulo filamu haina dairekta, ina steringi. Nenda kibanda umiza chochote, Kabanga mpakani au Nyakahura barabarani, uulize jioni wanaonyesha nini. Utajibiwa "ya Jet Li", "ya Rambo", au "ya Kikorea, lakini nzuri". Ukisisitiza kujua ni ya nani hasa, mwenye banda atakutazama kwa huruma kama mgeni, kisha atakujibu bila wasiwasi: "Hii ni ya DJ Murphy, bwana," akimaanisha msimulizi aliyeipa sauti ya Kiswahili. Au ya Lufufu, kama banda ni la siku nyingi na mwenyewe ana mvi. Usimcheke. Mbele ya safari utakuta ana hoja.

Anza kwa kutafuta watu waliowahi kukaa mpaka majina ya mwisho yakapita kwenye kioo. Hawazidi vidole vya mkono mmoja, na baadhi yao walikuwa wamesinzia tu, lakini wachukue hivyo hivyo. Ongeza mwalimu mstaafu mmoja, maana bila yeye hakuna atakayenyamaza. Kijana mmoja wa duka la kurusha movie kwenye flashi, maana bila yeye hakuna cha kutazama. Na mama mmoja anayeshika hela za VICOBA, maana bila yeye hakuna chai.

Mkishafika wanne, uongozi utajiunda wenyewe. Usijaribu kuuzuia. Watanzania wanne wakikaa chini ya mwembe bila mwenyekiti, wa tano akipita ataitisha uchaguzi. Mwalimu atakuwa mwenyekiti na atadai afunguliwe daftari la mahudhurio. Kijana wa movie atakuwa katibu. Katika kikao cha pili mtu ataleta hoja ya kukopeshana, na msipokuwa macho, kufikia kikao cha tatu mtakuwa na riba, faini, na mwanachama aliyekimbilia Runzewe na mtaji, ila filamu hamjaona hata moja. Kwa hiyo katiba yenu iwe na kifungu kimoja tu: filamu kwanza, mengineyo baadaye. Mwalimu atataka viwe kumi na nane. Mpeni cheo cha mlezi.

Jambo la sheria ni fupi, lakini msiliruke. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ambayo haikuwaza klabu yenu lakini itawakumbuka siku mtakapobandika tangazo ukutani na kuanza kutoza watu mlangoni. Ukitaka banda, muone afisa utamaduni wa halmashauri kwanza, siyo baada ya malalamiko. Mwongozo huu unapendekeza sebule ya mtu, wageni wakiwa wageni kweli, na mchango wa chai usiitwe kiingilio hata kwa utani. Kuhusu hakimiliki, tuna sheria ya mwaka 1999, na kwa sababu hiyo siwezi kukushauri uende kwa kijana anayerusha movie karibu na stendi. Ninachoweza ni kusema kwamba yupo, na kwamba ana kila kitu isipokuwa kile mnachokitafuta.

Sasa uteuzi wa dairekta. Hapa ndipo klabu nyingi hufia, na huwa zinakufa kwa kelele.

Mjumbe wa kwanza kunyoosha mkono atakuwa Msukuma wa Biharamulo, naye atasema Kanumba. Ana sababu. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akafariki Dar es Salaam Aprili 2012 akiwa bado kijana, na kwa muda ule mfupi aliigiza, akaandika, akazalisha, na mara nyingine akaongoza mwenyewe. Steringi na dairekta wanakuwa mtu mmoja, na wajumbe wanavushwa taratibu bila kuumia. Tatizo ni la kiufundi. Enzi zake filamu za Bongo ziliuzwa kwa diski mbili, Part 1 na Part 2, kila moja na bei yake. Part 1 mtazipata tele. Part 2 iliazimwa na shemeji wa mtu, na shemeji alihamia Kibondo. Klabu itakuwa na mwanzo wa kila kitu na mwisho wa hakuna.

Mwanafunzi aliyerudi likizo atasema Amil Shivji. Mwacheni aeleze. Atawaambia kwamba Vuta N'Kuvute ya mwaka 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Mwalimu atauliza kama huyo ni mtoto wa Profesa Issa Shivji. Ndiyo, ni mtoto wake. Kuanzia hapo mjadala utahamia kwenye ardhi, Azimio la Arusha, na nani alisoma Mlimani mwaka gani, na filamu yenyewe haitatajwa tena usiku ule. Mwekeni akiba.

Mfanyabiashara anayepitia Mutukula atamtaja Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, yule wa helikopta zinazolipuka. Huyu naye ana kazi yake, nitamwita baadaye.

Halafu mtu, kwa nia njema kabisa, atapendekeza Raoul Peck, Mhaiti aliyetengeneza Lumumba mwaka 2000 na baadaye Sometimes in April, ya mauaji ya kimbari, iliyopigwa Rwanda kwenyewe. Ni dairekta mkubwa. Klabu ya Dar inaweza kumtazama Jumamosi ikaenda kula chipsi. Ngara ni habari nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Benaco, ambayo leo abiria anaijua kwa kushuka na kubadilisha gari, ikawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi. Kwenye benchi lako atakuwepo aliyegawa uji, atakuwepo ambaye miti ya shamba lake iliishia kwenye majiko ya kambi, na huenda atakuwepo aliyevushwa daraja lile mgongoni kwa mama yake. Hao waulizwe kwanza, mmoja mmoja, pembeni, siyo kwa kunyoosha mikono. Mmoja akisema hapana, basi ni hapana, na kwenye muhtasari isiandikwe ni nani.

Ushauri wangu ni kuanza na Josiah Kibira, kwa sababu tatu. Ni mtu wa Kagera: alizaliwa Bukoba, akaenda Marekani kusoma, akabaki Minnesota. Anatumia Kiswahili: alianza kutengeneza filamu za Kiswahili kule kule kwenye theluji. Na muhimu kuliko zote, kwa kuanzia ana tatu tu za kushughulika nazo: Bongoland ya mwaka 2003, Tusamehe ya mwaka 2005, na Bongoland II ya mwaka 2008. Klabu changa haiwezi kubeba dairekta mwenye filamu thelathini. Itavunjika kwenye ya nne, wakati wa mavuno ya maharage.

Pingamizi litatokea na litasemwa kwa sauti: "Huyo ni wa Bukoba." Hili ni donda la zamani. Mhangaza au Msubi akifika Dar es Salaam na kusema ametoka Kagera, huulizwa mara moja senene ziko wapi, na baadaye huulizwa mbona haongei Kizungu. Watu wa Biharamulo nao wamechoka kueleza kwamba mkoa una wilaya nyingine. Mwenyekiti ajibu kwa hekima kwamba Kibira aliondoka Bukoba akaenda mbali zaidi kuliko wote waliomo humu ndani, kwa hiyo si mtu wa Bukoba tena, ni mtu wa Minnesota. Hoja ni dhaifu, lakini imepita kwenye vikao vigumu zaidi.

Panga saa. Hapa pana mtego ambao klabu za Mwanza hazijui. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ya mjumbe wa Rusumo au Kabanga hushika mtandao wa ng'ambo bila kumwomba ruhusa, kisha hujirekebisha saa kimya kimya. Mkisema saa mbili usiku, mjumbe wa Rusumo atafika saa tatu, atanyoosha simu inayosema saa mbili kamili, na atadai ameonewa. Usibishane na simu. Mwambieni aje saa moja. Siku simu itakaporudi Tanzania atafika saa moja kweli, na atapanga mabenchi.

Kabla ya kutangaza siku, angalia ratiba ya ligi. Simba na Yanga zikicheza hakuna Kibira, hakuna Shivji, hata Spielberg angekaa pembeni. Jaza pia tochi na umpe mtu jina la kamati ya sola. Umeme ukikatika katikati, msiahirishe. Mwambieni kila mmoja aseme anadhani kitafuata nini. Mara nyingi ni bora kuliko kilichofuata.

Bongoland yenyewe inamhusu kijana aitwaye Juma, aliyekwenda Marekani akitegemea neema, akakuta kazi za kudhalilisha na makaratasi yasiyokwisha. Haina bunduki. Waandae wajumbe mapema kwa sababu kibanda umiza kimewalea vibaya: dakika ya ishirini mtu atauliza, "Wanaanza kupigana saa ngapi?" Jibu ni kwamba Juma anapigwa tangu mwanzo, ila hakuna anayerusha teke. Baada ya hapo wajumbe watagawanyika kambi mbili. Moja itasema arudi nyumbani kwani kuna nini. Nyingine itasema nauli aliyotumia angempa mtu wa hapa mwenye akili. Mwanamume mmoja, dereva wa malori ya kwenda Kigali, atakaa kimya muda wote, kisha atasema sentensi moja kuhusu kulala kwenye gari kwa siku tano ukisubiri karatasi. Huyo ndiye aliyeiona filamu.

Msiruke kwenda Bongoland II moja kwa moja, ingawa wote watataka kujua Juma alipatwa na nini aliporudi. Fuateni miaka. Katikati kuna Tusamehe, na hapo ndipo klabu itakapojua kama ina dairekta au ina mwendelezo tu. Kwenye mwendelezo unamfuata Juma. Tusamehe haina Juma, ina familia ya wahamiaji na UKIMWI, na bado unaona ni jicho lile lile: Mwafrika akiwa ndani ya nyumba ya ugenini, akiwa na jambo ambalo hawezi kulisema kwenye simu ya nyumbani. Mpe kila mjumbe kitu kimoja cha kufuatilia katika filamu zote tatu. Nani anapiga simu, na nani anapokea? Kiingereza kinatumika kumwambia nani nini? Pesa inatajwa na mwanamume au mwanamke? Mwalimu atafurahi, atataka kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Mruhusuni.

Jueni pia kwamba Tusamehe ikionyeshwa Kagera si filamu ya Marekani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, na wazee wanakumbuka ulipoitwa Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizoingia kutoka Uganda. Mama wa VICOBA huenda akaomba isimamishwe. Isimamisheni. Akianza kusema ni nani alikuwa amelala chumba kipi mwaka gani, katibu aweke kalamu chini. Filamu itasubiri, kwenye flashi haitoki.

Sasa tumfikie mwenye banda na DJ Murphy wake.

Filamu ikifika kwenye maneno ya Kiingereza, bibi mwenye nyumba atauliza, "Anasemaje?" Katibu atamtafsiria kwa Kihangaza, polepole na kwa adabu. Baada ya dakika kumi adabu itapungua. Mzungu wa kwenye kioo atapewa jina la mwenyekiti wa kijiji wa zamani. Bosi wa Juma atakuwa na shamba Rulenge. Bibi atacheka mpaka ajifute machozi, na wajumbe waliokuja kwa ajili ya dairekta wataacha kusoma maandishi ya chini ya kioo na kumsikiliza katibu. Mwanafunzi wa likizo atakasirika na kusema kazi ya msanii inaharibiwa.

Mwanafunzi asikilizwe, kisha aelezwe mambo machache. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walipoendesha mradi wao wa filamu za mafunzo kutoka Vugiri, kule Usambara, na kuzizungusha kwa lori, filamu zilisindikizwa na maelezo ya lugha za Waafrika. Sinema yetu ya vijijini ilizaliwa na msimulizi ubavuni. Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima inamwita Lufufu, hakuzua jambo geni aliposhusha sauti ya filamu za ng'ambo na kupandisha yake, akiwa steringi, adui, mama wa steringi na mtaalamu wa jiografia kwa mpigo. Ng'ambo ya mto Kagera, Wanyarwanda wana zao, wanaziita agasobanuye, na kwa kuwa Kihangaza na Kinyarwanda vinasikilizana, flashi za namna hiyo hazina shida ya kueleweka Ngara. Mmoja wa wasimulizi wao waliovuma alijulikana kwa jina la Yanga. Mashabiki wa Simba waambiwe mapema kwamba ni jina la mtu, wasisuse.

Na hapa ndipo namwita Nabwana. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu inayosemekana iligharimu chini ya dola mia mbili, aliyoihariri kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri. Nafasi kwenye kompyuta ilipokwisha, kazi ya zamani ilifutwa kupisha mpya. Nakala iliyosalia, ambayo dunia nzima imeiona kwenye intaneti, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akipiga kelele juu ya filamu, akiwasifu makomandoo na kuwachokoza watazamaji. Filamu tupu, bila msimulizi, haipo tena. Ukitaka kumtazama dairekta yule, lazima umsikilize na mwenzake. Sasa mwambie yule mwenye banda kwamba filamu si ya DJ, uone utaanzia wapi.

Kwa hiyo kanuni ya klabu kuhusu kusema wakati filamu inaendelea ni hii: kila filamu itazamwe mara mbili. Mara ya kwanza, Ijumaa, kimya, kwa heshima ya dairekta. Mwalimu atashika fimbo. Mara ya pili, Jumamosi, katibu anakaa mbele na mdomo wake, na bibi analeta majirani. Ijumaa mtakuwa sita. Jumamosi mtaazima mabenchi ya kanisani. Katika mjadala wa Jumapili mtagundua kwamba watu wa Jumamosi wanakumbuka mambo ya dairekta ambayo watu wa Ijumaa hawakuyaona, kwa sababu katibu, akitafuta pa kuweka mzaha, amelazimika kuangalia kila pembe ya picha. Mwanafunzi hatakubali. Mwekeni kwenye kamati ya Ijumaa.

Wapo wengine wa kudhibiti. Yupo anayesema "huyu atakufa sasa hivi". Atozwe faini ya sukari kilo moja, hata kama aliyetajwa hafi. Yupo anayepokea simu na kumsimulia mpigaji filamu yote tangu mwanzo. Huyu msimtoze, mwandikisheni mpigaji awe mwanachama. Yupo anayelala. Mwacheni, amelipa chai.

Mkimaliza Bongoland II, ambamo Juma anarudi nyumbani na kukuta nyumbani nako kuna wenyewe, mtapiga kura ya dairekta anayefuata. Season ya Kikorea itaongoza kwa mbali. Mwenyekiti atangaze kwamba season haina dairekta mmoja, afute kura hizo, na amtoe Amil Shivji kwenye akiba. Anzeni na fupi zake, Shoeshine ya mwaka 2013 na Samaki Mchangani ya mwaka 2014, ndipo muingie T-Junction, yaani njia panda, ya mwaka 2017. Siku hiyo mfike mapema. Mjumbe wa Nyakanazi atasema njia panda hiyo ni ya kwao, barabara ya Kigoma inaanzia pale. Wa Lusahunga atasema kwao ndiko magari yanakoamua kama yanakwenda Ngara au Biharamulo. Wa Benaco hatasema kitu, atacheka tu kwa dharau. Atakayewaambia kwamba filamu ilipigwa Dar es Salaam atapigiwa kelele na pande zote tatu, kwa hiyo ni vizuri awe mwalimu, na awe karibu na mlango.